Mikeka 12 ya Hekalu la Eishoji

Mwezi Mei 1882, katika mtaa wa Shitaya jijini Tokyo, kijana wa miaka 21 alianza kufundisha watu kubwagana ndani ya hekalu la Wabudha. Hekalu hilo, Eishoji, lilikuwa limempangisha vyumba, na ukumbi alioutumia kwa mazoezi ulienea mikeka 12 ya tatami, yaani kama mita 20 za mraba tu. Mwaka ule wa kwanza walijiandikisha wanafunzi 9. Kijana huyo aliitwa Kano Jigoro. Shule yake aliiita Kodokan, na mchezo aliokuwa akiufundisha akauita judo.

Matatizo yalianza mapema. Watu wakibwagana juu ya sakafu ya mbao iliyochoka, nyumba nzima hutikisika. Vibao vya kumbukumbu za marehemu vilivyopangwa madhabahuni vilianguka, na mkuu wa hekalu akalalamika. Kano mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi alivyokuwa akiingia chini ya sakafu usiku, taa mkononi, kutegemeza mbao zilizovunjika. Zipo picha nyingi za Kano aliyezeeka, mwenye masharubu meupe, amesimama na wakubwa wa dunia. Mimi humpenda zaidi huyu wa chini ya sakafu, anayetengeneza kwa mikono yake kile ambacho wanafunzi wake wamekivunja wakijifunza.

Leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, mashirikisho ya kitaifa yaliyomo katika Shirikisho la Kimataifa la Judo ni zaidi ya 200, na mwenye mkanda mweusi wa judo popote duniani anaweza kuufuata ukoo wa mafunzo yake, mwalimu kwa mwalimu, hadi kwenye mikeka ile. Ukimuuliza mzazi wa Dar es Salaam au wa Nairobi kwa nini anampeleka mwanawe kwenye karate, judo au taekwondo, mara nyingi atakujibu: apate nidhamu. Ni jibu jema, ila historia ya Kodokan inadai tulikamilishe. Kano hakuiacha tabia njema kwenye mahubiri ya mwalimu. Aliishona ndani ya kanuni za mchezo: namna ya kuanguka, wakati wa kuachia, jinsi ya kumshika mwenzako asiumie. Kanuni hizo zilipotunzwa, watu walikua. Zilipopuuzwa, mkeka uleule ulizaa ukatili, na viongozi wa judo ya Japani walilazimika kulikubali hilo hadharani.

Kano alizaliwa tarehe 10 Desemba 1860 huko Mikage, pwani ya karibu na Kobe, katika ukoo wa watengenezaji wa pombe ya sake. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, na baba yake akamhamishia Tokyo. Kwenye shule ya bweni alikuwa hodari wa masomo, mfupi na mwembamba, na wavulana wakubwa walimpiga. Alisikia kwamba ipo sanaa iitwayo jujitsu inayomwezesha mdogo kumshinda mkubwa, akaitamani. Wakati huo hakuna aliyetaka kumfundisha. Japani ilikuwa mbioni kujifunza mambo ya Ulaya; tabaka la samurai lilikuwa limefutwa na mwaka 1876 wakakatazwa hata kubeba panga. Mabingwa wa jujitsu waliobaki walijipatia riziki kwa kuunga mifupa. Basi Kano, alipoingia chuo kikuu mwaka 1877, alizunguka mitaani akitafuta vibao vya waunga mifupa, akiingia na kuuliza kama wanajua jujitsu, hadi akaelekezwa kwa Fukuda Hachinosuke wa mtindo wa Tenjin Shin'yo.

Kwa Fukuda alikuwepo mwanafunzi mmoja mzito, Fukushima Kanekichi, ambaye Kano hakumweza kamwe. Alijaribu mbinu za sumo, zikashindwa. Akaenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya Ulaya, na humo akapata wazo la kumbeba mtu mabegani na kumzungusha. Akafanya mazoezi ya siri na rafiki zake, kisha siku moja akambwaga Fukushima kwa mbinu hiyo, ambayo hadi leo imo katika orodha ya Kodokan kwa jina la kata-guruma. Hapa tayari anaonekana mwalimu atakayekuja kuwa: mtu aliyeshindwa ukumbini, akaenda kusoma.

Agosti 1879, rais mstaafu wa Marekani, Ulysses S. Grant, alipozuru Japani, Fukuda na Kano walikuwa miongoni mwa walioonyesha jujitsu mbele yake. Siku chache baadaye Fukuda alifariki. Kano akahamia kwa Iso Masatomo, naye akafariki mwaka 1881. Mwalimu wake wa tatu, Iikubo Tsunetoshi wa mtindo wa Kito, alikuwa fundi mkubwa wa kubwaga, na ndiye aliyekuja Eishoji mara mbili tatu kwa wiki kuwafundisha wale vijana wa kwanza.

Kuna siku moja na Iikubo ambayo Kano aliisimulia kwa fahari na kwa heshima. Kwa kawaida mwalimu ndiye aliyembwaga. Siku hiyo mambo yaligeuka. Kano alimbwaga Iikubo tena na tena, wala mwalimu hakuweza kumbwaga. Iikubo akashangaa, akauliza siri ni nini. Kano akaeleza kwamba amekuwa akichunguza usawa wa mwili: mtu akivutwa husogea, akisukumwa hurudi, na kabla ya kumbwaga ni lazima kwanza umtoe kwenye mhimili wake, hapo nguvu kidogo inatosha. Iikubo alimwambia kwamba hana tena la kumfundisha, na baadaye akamkabidhi hati na vitabu vya mtindo wa Kito. Naona Kodokan ina deni kubwa kwa mzee huyu. Mwalimu aliyebwagwa na mwanafunzi wake angeweza kukasirika, au kusema ni bahati. Yeye aliuliza, akasikiliza, akakubali.

Hebu tuingie ukumbini tuone alichokijenga Kano, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa habari yenyewe.

Mwanafunzi mpya huanza kwa kufundishwa kuanguka. Anaanguka kwa nyuma, kwa ubavu wa kulia, kwa ubavu wa kushoto, na kwa kubingirika mbele juu ya bega. Kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mkono ulionyooka unapiga mkeka kwa kiganja na kigasha mara tu mwili unapofika. Anarudia hadi mwili ufanye wenyewe bila kuagizwa. Anayeogopa kuanguka hujikunja, hukaza mikono, hurudisha makalio nyuma, na huyo ndiye rahisi kubwagwa. Aliyekwisha kuanguka mara nyingi asiumie husimama wima, mabega yamelegea, macho yanamtazama mwenzake. Ujasiri huu unaujua mwili wenyewe, na hutoka nao ukumbini: kwenye ngazi zenye utelezi, kwenye baiskeli, kwenye bodaboda iliyokosa mwelekeo. Huko Sweden judo imetumika katika mpango maalumu wa kuwafundisha wazee kuanguka salama, maana kwa mzee kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwanzo wa mwisho.

Baada ya kuanguka huja kushikana. Katika jujitsu ya zamani mbinu nyingi zilikuwa za hatari mno kiasi kwamba haziwezi kujaribiwa kwa nguvu zote. Zilifanywa kwa mpangilio uliokubaliwa, huyu anajua atafanya nini na yule anajua atafanyiwa nini. Kano alizigawa. Ngumi, mateke na mambo ya kuua aliyabakiza kwenye kata, yaani mazoezi ya mpangilio. Kwenye randori, yaani mazoezi huru, akaacha kubwaga, kupiga ngwala, kubana chini, kukaba kabari, na kukunja mkono. Baadaye kukunja huko kukawekewa mpaka kwenye kiwiko pekee. Matokeo yake, mtu anaweza kupambana kwa nguvu zake zote kila jioni, na kesho asubuhi akaenda kazini mzima. Hilo halikuwa jambo dogo. Ni kwa mapambano ya kweli tu ndipo mtu huijua hasira yake, woga wake na majivuno yake, na Kano alipata njia ya kuyaruhusu mapambano hayo kila siku bila kumlemaza mtu.

Ndani yake kuna majukumu madogomadogo. Anayebwaga hushikilia mkono wa vazi la mwenzake hadi afike chini, ili kumpunguzia kishindo. Mkubwa hamtumii mdogo kama gunia. Na anayekabwa kabari, akiona amezidiwa, hugonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili, na mwenzake huachia papo hapo. Hakuna kubishana, hakuna kuongeza sekunde moja ili aone. Naliona hili kuwa somo zito kuliko yote ya judo. Kijana wa miaka 15 ana shingo ya mwenzake mikononi, na kazi yake wakati huo ni kusikiliza. Yule wa chini naye anajifunza kukiri kwamba ameshindwa wakati bado ana pumzi, kisha anyanyuke waanze upya. Ni watu wazima wangapi kwenye ndoa, biashara na siasa wameangamia kwa kukosa mojawapo ya mambo hayo mawili?

Kano aliyaishi haya. Kati ya 1889 na 1891 alitumwa Ulaya kuchunguza elimu, na akiwa melini safarini alishindana na ofisa wa Urusi, mtu mkubwa kuliko yeye kwa mbali. Alimbwaga, na alipokuwa anambwaga akaweka mkono wake chini ya kichwa cha yule mtu ili kisigonge sitaha. Kano alisimulia kwamba abiria walistaajabia mkono ule kuliko mbwago wenyewe.

Mambo mengine ya Eishoji hayazungumzwi sana. Mwanzoni hakutozwa mtu ada. Kano alikuwa mwalimu wa shule ya Gakushuin, na alifanya kazi za kutafsiri usiku ili kulipia gharama. Aliyejiunga aliandika jina lake kwenye daftari la shule na kuapa, pamoja na mengine, kwamba hataacha mafunzo bila sababu na hataichafua shule. Na mafunzo yalikuwa na sehemu nne: kata, randori, mihadhara, na maswali na majibu. Ile ya nne ninaipenda. Kano aliwauliza wanafunzi kwa nini mbinu imefanya kazi au imeshindwa, nao waliruhusiwa kumuuliza. Katika sanaa za mapigano ambako walimu wengi huogopwa kama radi, kuweka nafasi rasmi ya kuuliza kulikuwa mapinduzi. Sambamba na Kodokan aliendesha nyumbani kwake bweni, Kano Juku, ambako watoto wa matajiri na wa maskini waliamka alfajiri wakafagia na kusugua sakafu pamoja.

Wanafunzi wawili wa mwanzo, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, ndio waliopewa dani, yaani ngazi, ya kwanza mwaka 1883, na hapo ukaanza mfumo wa ngazi ambao leo umeenea katika karate na sanaa nyingine. Mikanda ya rangi mbalimbali ilikuja baadaye sana. Habari za Saigo inafaa zisemwe wazi katika kumbukumbu ya shule hii. Alikuwa mfupi, mwepesi, na mbinu yake ya yama-arashi ilimfanya kuwa gumzo katika mashindano ya miaka ya 1880 dhidi ya shule za jujitsu za zamani, mashindano yaliyoifungulia Kodokan mlango wa polisi wa Tokyo. Mwaka 1890, Kano akiwa Ulaya, Saigo aliondoka Kodokan. Akaenda Nagasaki, akawa mwandishi wa habari, akafariki mwaka 1922. Kano alimtunuku dani ya sita baada ya kifo chake. Mtoto wa Tomita, Tomita Tsuneo, aliandika riwaya ya Sugata Sanshiro iliyochota mengi kutoka maisha ya Saigo, na mwaka 1943 Kurosawa Akira akaitengenezea filamu yake ya kwanza kuongoza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeondoka ndiye aliyeitangaza Kodokan kuliko wengi waliobaki, na mwalimu hakumfuta kwenye daftari.

Shule ilihama mara kadhaa. Kutoka mikeka 12 ikafika 40 mwaka 1886, na kufikia 1934, katika jengo la Suidobashi, ukumbi mkuu ulikuwa na mikeka zaidi ya 500. Kano mwenyewe alikuwa mtu wa elimu kuliko mtu wa mieleka. Kwa miaka zaidi ya 20, kwa vipindi, aliongoza chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Mwaka 1909 akawa mjumbe wa kwanza kutoka Asia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifungua pia shule ya wanafunzi kutoka China, na mmoja wao, Lu Xun, aliyekuja kuwa baba wa fasihi mpya ya Kichina, alijiandikisha kwenye tawi la Kodokan akiwa hapo. Mwaka 1922 Kano alitangaza misingi miwili aliyoiona kiini cha kazi yake yote: kutumia nguvu za mwili na akili kwa njia iliyo bora kabisa, na kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Msingi wa pili haumo katika judo kama pambo. Bila mwenza anayekubali kubwagwa, huna unachoweza kujifunza.

Lakini mwenza huyo alikuwa nani? Kwa muda mrefu shule haikuwa na jibu la haki. Kano alianza kumfundisha mwanamke mwaka 1893, na mwaka 1926 idara ya wanawake ikafunguliwa rasmi, jambo la kusifiwa kwa zama zile. Mwaka 1935 akaingia Fukuda Keiko, mjukuu wa Fukuda Hachinosuke yuleyule, mwalimu wa kwanza wa Kano. Alikuwa mdogo wa umbo, hajafika hata futi tano. Familia ilitarajia atapata mume kupitia judo. Alipoona kwamba kuolewa kungemlazimu kuacha mafunzo, alikataa kuolewa. Mwaka 1953 alipata dani ya tano, na hapo akasimamishwa, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kupanda zaidi. Alibaki kwenye dani ya tano kwa takriban miaka 20, akifundisha wanaume waliompita ngazi, akihamia Marekani katika miaka ya 1960 na kuendelea kufundisha San Francisco. Baada ya wanawake wenzake kupigania jambo hilo, mwaka 1972 Kodokan ikamtunuku dani ya sita. Mwaka 2006 ikampa ya tisa. Mwaka 2011 chama kimoja cha judo cha Marekani kilimpa ya kumi, akiwa na miaka 98, na mwaka 2013 akafariki. Nikitafuta mtu mmoja aliyeishi kile Kodokan ilichofundisha, ni yeye, na alikiishi kwa sehemu kubwa ya maisha yake huku Kodokan yenyewe ikimnyima haki yake.

Kano alifariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli ya Hikawa Maru, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo, alikokwenda kutetea michezo ya Tokyo ya 1940. Miezi miwili baadaye Japani iliirudisha michezo hiyo kwa sababu ya vita vyake na China. Uongozi wa Kodokan ulishikwa na mpwa wake, Nango Jiro, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, na katika miaka iliyofuata judo ya mashuleni ikatumika kuwaandaa vijana kwa vita. Baada ya kushindwa mwaka 1945, utawala wa Wamarekani uliipiga marufuku mashuleni hadi 1950. Mwaka 1956 Tokyo ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia, na mwaka 1964 judo ikaingia kwenye Olimpiki.

Fainali ya uzito wote ya mwaka huo ilipiganwa tarehe 23 Oktoba katika ukumbi wa Nippon Budokan, uliojengwa kwa ajili ya mchezo huo. Kaminaga Akio wa Japani alikabiliana na Mholanzi Anton Geesink, mtu wa karibu mita mbili, aliyekuja Japani mara nyingi kujifunza. Baada ya dakika 9 na sekunde 22 Geesink alimbana chini na kushinda. Mashabiki wa Uholanzi wakaanza kukimbilia mkekani kwa furaha. Geesink, akiwa bado chini, aliinua mkono kuwazuia. Kisha akanyanyuka, akapanga vazi lake, akainama mbele ya Kaminaga. Wajapani wengi walikuwa wakilia ukumbini, na bado kwa mkono ule Geesink akapata heshima ambayo medali pekee isingempatia. Baadaye, kuadhimisha miaka 100 yake, Kodokan ilijenga makao yake ya sasa, ghorofa nane katika mtaa wa Bunkyo, yaliyofunguliwa 1984. Ukumbi mkuu una mikeka 420.

Kuna hesabu nyingine ambayo taasisi za judo za Japani zilichelewa kuitazama. Kuanzia 1983, watoto zaidi ya 100 walikufa katika judo ya mashuleni nchini humo, wengi kwa majeraha ya kichwa, na sehemu kubwa yao wakiwa wanafunzi wapya ambao hawajajua kuanguka. Mtafiti Uchida Ryo wa Chuo Kikuu cha Nagoya ndiye aliyekusanya taarifa hizo na kuzianika. Mwanzoni mwa 2013 ikajulikana kwamba wanawake 15 wa timu ya taifa walikuwa wamelalamikia kupigwa na kutukanwa na kocha mkuu wao. Kocha akajiuzulu. Mwezi Agosti mwaka huo Uemura Haruki, bingwa wa Olimpiki wa 1976, naye aliachia urais wa shirikisho la judo la Japani, ingawa aliendelea kuiongoza Kodokan. Nayaandika haya katika kumbukumbu ya heshima kwa sababu wanawake wale 15 walifanya kile kinachofanywa mkekani kila siku: waligonga kuonyesha wamezidiwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeachia.

Judo ilifika mbali, na njia zake zimefika kwetu. Maeda Mitsuyo, mtu wa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914, akatia mbegu ya mchezo ambao leo dunia nzima inauita jiu-jitsu ya Brazili. Zanzibar, Mjapani Shimaoka Tsuyoshi alianza kufundisha judo katika miaka ya 1990, na vijana wa visiwani wakapata kuvaa mkanda mweusi. Na Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wa upande wa Bukavu mashariki mwa Kongo, walitenganishwa na familia zao na vita wakiwa watoto. Misenga alikutwa msituni baada ya siku kadhaa, akapelekwa Kinshasa, na katika kituo cha watoto waliopoteza makwao akafundishwa judo. Wote wawili walifika timu ya taifa. Wamesimulia kwamba huko, mchezaji akishindwa, alifungiwa na kunyimwa chakula. Walipopelekwa Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia ya 2013 hawakurudi.

Rio walipokelewa na Instituto Reação, asasi iliyoanzishwa na mshindi wa medali ya Olimpiki Flávio Canto kwa ajili ya watoto wa mitaa ya maskini, na kocha mzee Geraldo Bernardes akaanza nao kazi. Kwa maelezo yake, mwanzoni Misenga aliwabwaga wenzake kwa ukali wa kuumiza, kwa kuwa alizoea kwamba kushindwa ni adhabu. Ilibidi afundishwe upya kumshika mwenza hadi chini. Mwaka 2016, katika jiji hilohilo, wawili hao waliingia Olimpiki wakiwa katika timu ya kwanza kabisa ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na bingwa wa dunia Gwak Dong-han wa Korea Kusini, ukumbi mzima ukimshangilia yeye aliyeshindwa.

Siku hizi Shirikisho la Kimataifa lina mpango wa judo kwa ajili ya amani ambao umeingia kwenye kambi za wakimbizi, zikiwemo Dzaleka nchini Malawi na Meheba nchini Zambia. Dzaleka wanaishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda kwa maelfu, na Kiswahili kinasikika kila kona. Watoto wa huko wana mikeka michache na wazazi ambao wengi wamengoja miaka mingi kibali cha kwenda nchi nyingine. Wakianza, wanafundishwa vilevile kama Tokyo: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, kisha unyanyuke umwinamie uliyeshikana naye.